Kuuandaa Moyo Wenyewe au Kuuandaa kwa Kubana Mkono

Ateri ya moyo, yaani mshipa unaoupelekea msuli wa moyo damu, inapoziba, seli za misuli hukosa oksijeni, na zikikaa hivyo kwa muda mrefu hufa zisiweze kurudi tena. Njia mbili za kuiandaa misuli istahimili upungufu huo zinastahili kulinganishwa.

Ya kwanza huugusa moyo wenyewe. Mwaka 1986, watafiti Murry, Jennings na Reimer waliziba ateri ya moyo wa mbwa mara nne, dakika tano kila mara, wakiifungua kwa dakika tano katikati, kisha wakaiziba kwa dakika 40 mfululizo. Sehemu ya msuli iliyokufa ilikuwa takriban robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuandaliwa. Ulinzi huo ni mkubwa mno, ila humtaka tabibu aifikie ateri kabla ya hatari kuingia, na mshtuko wa moyo haubishi hodi.

Ya pili ni ya upole: mkanda wa kupimia shinikizo la damu hufungwa mkononi, hujazwa upepo hadi damu isimame kwa dakika tano, kisha hulegezwa, na zoezi hurudiwa, wazo likiwa kwamba kuunyima mkono damu kwa muda mfupi kutauandaa moyo nao. Mgonjwa aweza kufanyiwa hata akiwa ndani ya gari la wagonjwa. Inasikitisha kwamba utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 5,000 wa mshtuko wa moyo, haukuona nafuu katika vifo vya moyo wala katika kulazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Kwa maoni yangu, mkanda huo usimcheleweshe mgonjwa hata dakika moja kuzibuliwa ateri.