Lee-Enfield No. 4 na risasi ninazojaza mwenyewe: uzoefu wangu

Bunduki yangu ni Lee-Enfield No. 4 Mk I iliyotengenezwa na Savage wa Marekani kwa ajili ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mhuri wa mali ya serikali ya Marekani bado unasomeka ubavuni. Watu wakiona mbao zilizokwaruzika na risasi zinazotawanyika kwenye shabaha, husema mtutu umekwisha. Wangu haujaisha hata kidogo.

Kwa risasi za dukani, bunduki ikiwa imeegemezwa kwenye mifuko ya mchanga, risasi tano zilitapakaa karibu inchi tano kwa umbali wa yadi 100. Nikaamua kupima mtutu: unasukuma kipande laini cha madini ya risasi kipite chote ndani, kisha unakipima kwa maikromita. Huu ni mtutu wa wakati wa vita, una mifereji miwili tu ya kuizungusha risasi badala ya mitano, na mifereji hiyo inatazamana, hivyo kupima ni rahisi. Jibu lilikuwa inchi 0.313. Vichwa vya zile risasi za dukani vilifika 0.310 kwa shida. Kichwa kikipwaya hivyo, mifereji haikishiki sawasawa.

Sasa natumia vichwa vya 0.312, bapa kitakoni, vya gramu 11.3, uzito uleule wa risasi ya jeshi ya Mk VII.

Kazi kubwa zaidi iko kwenye maganda yaliyofyatuliwa, ninayoyajaza tena. Chemba za bunduki hizi, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, zilichongwa kwa nafasi ya ziada ili risasi yenye vumbi na matope iingie bila kukwama. Ganda la .303, risasi ya bunduki hii, hushikiliwa na ukingo wa kitako chake, kwa hiyo likifyatuliwa hutanuka na kurefuka kujaza nafasi hiyo. Ukilirudisha umbo la kiwandani kila mara, litakatika karibu na kitako. Mimi nabana shingo tu, mwili unabaki na umbo la chemba yangu. Hata hivyo kila ganda nalikagua: naingiza waya uliopindwa ncha na kuuburuta kwenye ukuta wa ndani. Ukikwama kidogo juu ya kitako, mpasuko umeshaanza, na ganda hilo halijazwi tena.

Baruti nafuata kitabu cha mtengenezaji, naanzia chini na kupanda kidogokidogo, kila kipimo kwenye mizani. Komeo la Lee-Enfield hujifunga kwa nyuma, halifai kulazimishwa shinikizo kubwa, wala hakuna faida: matundu yalisogeleana zaidi nikiwa bado mbali na kiwango cha juu. Risasi tano sasa hukaa ndani ya inchi mbili na nusu, kwa kilengeo chake cha asili cha tundu. Kwa bunduki ya vita, hiyo ni kazi safi sana.

Inakula muda, hilo nakiri. Na ukipata risasi za zamani za jeshi, jua kwamba fataki zake nyingi, yaani viwashio vya baruti kitakoni mwa ganda, huacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayaiyeyushi, osha kwa maji ya moto siku hiyohiyo, kausha, ndipo upake mafuta.