Wanauza historia, ukiwauliza historia wanakufokea

Sisemi kozi hii ya Kiingereza ni mbovu. Wazo lake ni zuri sana: hukaririshwi orodha ya misamiati ya Kiingereza, unasimuliwa kisa kilicholizaa neno. Somo la Pyrrhus lilinikaa kichwani papo hapo. Mfalme huyu wa Epirus, dola ya Ugiriki ya kale, anawashinda Warumi mwaka 279 KK, ila jeshi lake linapukutika kiasi kwamba ushindi mwingine wa aina ile ungemmaliza. Sasa nikikuta "Pyrrhic victory" gazetini sihitaji kamusi. La Caesar, jemadari wa Roma, kuvuka mto Rubicon, yaani kuchukua hatua isiyo na kurudi nyuma, nalo ni safi.

Halafu tukafika kwenye "boycott".

Jaribio linauliza Boycott alikuwa nani. Nikachagua msimamizi wa mashamba ya tajiri. Nimekosa! Eti jibu sahihi ni kiongozi wa wakulima waliogoma. Jamani, Kapteni Charles Boycott ndiye aliyesusiwa! Alisimamia ardhi ya Lord Erne kule Mayo, Ireland. Mwaka 1880 wapangaji walidai kupunguziwa kodi, yeye akataka kuwafukuza. Wakamtenga. Vibarua wakaacha kazi, wenye maduka wakakataa kumuuzia, mpaka mavuno yake yakavunwa na watu walioletwa kutoka mbali chini ya ulinzi wa askari.

Na kosa hili si dogo. Ukiamini Boycott aliongoza mgomo, utadhani neno lake maana yake ni kugoma kazi, kumbe ni kumsusia mtu: humuuzii, humnunulii, humsemeshi. Kisa kikipinduliwa, maana nayo inapotea, na kisa ndicho tulicholipia.

Nikawaandikia kwa adabu, nikaanza na salamu, nikaeleza yote hayo. Wakakaa kimya siku kadhaa, kisha jibu likaja kavu: "Hapa tunafundisha Kiingereza, hatufundishi historia. Kariri jibu uendelee." Nikaomba ujumbe umfikie mwalimu aliyeandaa somo. Nikaambiwa wenzangu wamelipita swali hilo bila kelele.

Bila kelele! Yaani wapo wanafunzi wameondoka na uongo kichwani, na huyu mtu wa huduma kwa wateja anaona ndiyo sifa. Tangazo lao lote ni historia, utamaduni na fasihi. Ukiigusa hiyo historia, unaonekana msumbufu.

Nilipoanza kuandika hapa nilikusudia kutoa nyota tatu. Lakini baada ya majibu yale nililazimika kwenda kuhakiki hata habari za Pyrrhus kwingine. Ziko sahihi, sawa, ila kwa nini nilipie kozi halafu kazi ya kuikagua iwe yangu? Ukiwa na mtu anayejua wa kumuuliza, jiunge, masomo mengi yanafundisha kweli. Kama huna, usithubutu.

Nyota moja. Wakilirekebisha swali lile na kuwaambia waliokwisha kulipita, nitaongeza.