Seti tatu za nguo za igizo la Krismasi, na moja tu ningeinunua tena

Barua ya mwalimu ilifika ndani ya begi la kitinda mimba wangu, imekunjwa mara nne na kulowa maji ya chupa. Nikasoma maneno matatu tu nikajua kazi imeanza: kondoo, malaika, mamajusi. Watoto watatu, nafasi tatu, na muda uliobaki ni wiki tatu. Mkubwa, binti wa miaka 9, kapewa umamajusi. Wa kati, mvulana wa miaka 6, ni malaika. Mdogo ana miaka 4 na ni kondoo. Kondoo hana maneno zaidi ya kulia "mee" mara mbili, lakini ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Cherehani mimi naiona kwa watu. Sindano yangu huishia kwenye kifungo, na kifungo chenyewe hudumu siku tatu. Kwa hiyo nilipompata kwenye intaneti muuzaji mwenye seti zote tatu, nikaagiza bila maswali mengi. Jina lake nalihifadhi, maana nguo hizi zinauzwa na wengi na inaelekea zimetoka mkono mmoja: picha zilezile, maelezo yaleyale, hata kosa la tahajia ni lilelile. Mzigo ulifika siku ya nane. Hapo sina la kulalamika.

Nianze na malaika, maana ndiye aliyeniumiza kichwa. Mfukoni mlikuwa na kanzu nyeupe ya poliesta, mshipi wa kamba ya rangi ya dhahabu, taji la nuru lililosimama juu ya kijiti cha waya, na mabawa. Kanzu ni nyepesi kiasi kwamba ukiinyoosha mbele ya dirisha unahesabu vidole vya mkono ulio nyuma yake. Mtoto akisimama chini ya taa za jukwaani, ukumbi mzima utajua chupi yake ni ya rangi gani. Tuliokoa jahazi kwa fulana nyeupe na suruali nyeupe ya kulalia ndani yake. Pindo lake lilinyunyiziwa glita, na hiyo glita haikukaa kwenye pindo. Ilikaa kwenye zulia, kwenye kochi na kwenye nyusi zangu.

Sasa mabawa. Ni fremu ya waya iliyovishwa kitambaa chepesi kama soksi ndefu za kike, kingo zimezungushiwa manyoya ya bandia, na katikati kuna lastiki mbili za kupitisha mikono kama begi la shule. Kwenye picha yamesimama wima. Mgongoni mwa mwanangu yalilala kama masikio ya mbuzi. Sababu niliiona nilipofumua kitambaa: waya za pande mbili zimekutanishwa katikati kwa gundi na mkanda wa plastiki tu, hazikusokotwa wala kufungwa. Uzito wote unaning'inia kwenye lastiki, na lastiki yenyewe haina upana wa nusu sentimita. Baada ya dakika kumi za mazoezi ya sebuleni, mtoto akainua mikono nione mistari miwili myekundu kwenye makwapa.

"Baba, malaika nao huumia hivi?"

Siku ya nne bawa la kushoto likang'oka. Hakuanguka, hakushindana na mtu, aliegemea kiti. Ncha ya waya ikatokeza kwenye kitambaa, kama sentimita 2, usawa wa jicho la mtoto atakayesimama nyuma yake. Na malaika walikuwa wanane, wamepangwa safu mbili. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Nikampigia muuzaji picha ile ncha nikamtumia. Akajibu kwamba mabawa ni "pambo, si ya matumizi ya nguvu". Kuegemea kiti! Tulivutana siku tano, akarudisha nusu ya fedha, nami nikaacha kwa sababu igizo lilikuwa linanikimbiza.

Cha ajabu, mabawa yenyewe hayamo kwenye habari. Binti yangu ndiye aliyeniambia. Alifungua sura ya 2 ya Injili ya Luka kutafuta zamu yake, akasoma mpaka mwisho asiwaone mamajusi (wamo kwa Mathayo, Luka ana wachungaji). Lakini akawaona malaika: mmoja anawatokea wachungaji, utukufu unawaangaza pande zote, kisha linakuja jeshi la mbinguni. Mabawa hayatajwi. Nikaona nimepata njia ya kutokea, nikamwendea mwalimu na hoja yangu ya Maandiko. Akanisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mzazi, wenzake saba wanayo." Kesi ikaisha.

Basi nikatengeneza. Katoni mbili, moja juu ya nyingine, mifereji ya moja ikienda wima na ya nyingine ikienda mlalo ili zisipinde. Nikazipaka gundi, nikazilaza usiku kucha chini ya vitabu vizito, asubuhi nikakata umbo la bawa kwa kisu. Mikanda nikaichukua kwenye begi bovu la shule, ile mipana yenye sponji, nikaifunga kwa nyuzi nne kila upande. Yalisimama. Yalikuwa na doa moja la kahawia ambalo rangi nyeupe haikulifunika, lakini yalisimama, na mtoto hakulalamika tena. Ukiwa na jioni moja na katoni, usinunue mabawa ya waya ya bei ya chini. Ukiyanunua, geuza nyuma kwanza utazame yameungwaje katikati.

Taji la nuru sitalisemea sana. Kijiti chake kilicheza kila mtoto alipotembea, na mara ya pili lilizunguka likawa nyuma ya shingo kama kitanzi. Bendi ya kichwa iliyozungushiwa karatasi ya dhahabu ilifanya kazi hiyo bila kijiti.

Seti ya mamajusi ni ya kati na kati. Joho ni la mahameli ya bandia, zambarau, na kwa mbali linapendeza. Shida ni kwamba kipimo kimeandikwa kwa umri, nao umri haupimi mtoto. Tuliagiza la miaka 9 hadi 10, likafagia sakafu. Katika mazoezi ya kwanza alipanda ngazi ya jukwaa akakanyaga pindo lake, akapiga goti mbele ya hori kabla hata nyota haijafika. Pima mtoto kuanzia begani hadi kifundo cha mguu, kisha mwulize muuzaji urefu wa nguo kwa sentimita. Asipojua, achana naye. Sisi tulikunja sentimita 12 nzima, mke wangu akashona kwa mkono mishono mirefu inayofumuka kirahisi, ili mwakani ishushwe.

Kilemba kimeshonwa tayari, kina kito cha plastiki mbele, na kinamfaa mtu mzima mwenye kichwa kikubwa. Kilimshuka hadi machoni. Tukajaza soksi mbili ndani yake, kikakaa. Ukosi wa joho unafungwa kwa velkro, na velkro hiyo ilikuwa inang'ata nywele zake kila alipogeuka. Tulikata tukaweka kifungo.

Halafu kuna sanduku la zawadi, ambalo lilinichekesha. Kila seti ya mamajusi ina sanduku lilelile la dhahabu. Wazazi wa wenzake wawili walinunua kulekule, kwa hiyo wote watatu wangeleta dhahabu, na mtoto mchanga angebaki bila uvumba na manemane. Binti yangu aliyepangiwa manemane alibeba chupa ya zamani ya manukato ya mama yake. Tena alishaanza kumsumbua mwalimu kwamba Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu, anataja zawadi tatu tu, na wala hawaiti wafalme. "Kumbe tungeweza kuwa hata kumi." Mwalimu alikuwa na watoto wengi kuliko nafasi, nadhani alilitafakari. Kwa jumla, ningekuwa na pazia la zamani la rangi nzuri nisingenunua seti hii. Ukanda kiunoni, kitambaa kichwani, umamajusi umekamilika. Na kwa wachungaji ndiyo kabisa: nimeona seti za wachungaji zinauzwa, lakini ni kanzu ya kahawia na kitambaa cha kichwa. Shati kuukuu la baba na taulo la jikoni vinatosha.

Nimemweka kondoo mwisho kwa sababu ndiye niliyempenda. Ni ovaroli la kipande kimoja, kitambaa laini chenye vinyweleo vilivyojikunja, kofia yenye masikio imeungana nalo, mkia mdogo nyuma, na zipu iko mbele kuanzia shingoni hadi chini ya kitovu. Hiyo zipu ya mbele ndiyo inayolipatia alama 9 kwa 10.

Nitaeleza. Siku ya igizo, dakika chache kabla ya pazia, mwanangu alinivuta mkono akasema neno ambalo kila mzazi wa mtoto wa miaka 4 analijua. Tulikimbia, nikafungua zipu, akatoa mabega, akamaliza, akarudi, hata dakika tatu hazikufika. Mlangoni tulipishana na mama mmoja na punda wake. Punda alikuwa amefungwa kwa kamba tano nyuma, na juu ya kamba kulikuwa na shuka la mgongoni lililobanwa kwa pini ndani kwa ndani ili lisianguke. Mama alikuwa amepiga magoti, meno yameshika pini mbili, mikono inafungua kamba ya tatu, na punda anarukaruka. "Vumilia baba, vumilia." Hakuvumilia. Alipanda jukwaani akiwa na suruali ya kuazima ya rangi ya bluu chini ya kichwa cha punda, na kwa kweli aliigiza vizuri. Wakati Fransisko wa Asizi alipoandaa onyesho la hori pale Greccio, Italia, mwaka 1223, alileta ng'ombe na punda wa kweli. Zamani niliona ni makuu. Siku hizi namwelewa.

Alama moja niliyoikata ni kwa mambo mawili. La kwanza, joto. Ovaroli ni zito, na chini ya taa mtoto alitoka jasho mpaka nywele zikalowa. Ndani mvishe fulana nyepesi tu, zipu ifungwe mtoto akiwa tayari anaingia. La pili ni kamba ya kukazia kofia, iliyopita mbele ya koo. Nguo ya mtoto mdogo haifai kuwa na kamba hiyo. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 hakiruhusu kamba za kukazia kofia wala shingo kwa watoto wa chini ya miaka 7, na nguo za kuigizia zimo. Niliichomoa, nikaweka mishono miwili pembeni, kofia ikakaa vilevile.

Jambo la moto nilikuwa sijalifikiria mpaka nilipogundua kwamba mpango wa awali ulikuwa Yusufu ashike mshumaa. Poliesta ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, na pamba huwaka upesi. Nikarudi kusoma lebo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya nguo za kuigizia za watoto huhesabiwa kama vitu vya kuchezea, kwa hiyo hutakiwa kuwa na alama ya CE (tamko la mtengenezaji kwamba bidhaa inatimiza masharti ya Umoja huo) na kufuata kiwango cha EN 71, ambacho sehemu yake ya 2 inahusu kuwaka. Kondoo na mamajusi walikuwa na lebo iliyoshonwa ndani yenye maelezo hayo. Malaika alikuwa na kikaratasi tu kinachosema "weka mbali na moto". Mwalimu alipoonyeshwa, alibadilisha bila ubishi, Yusufu akashika taa ya betri.

Igizo lenyewe lilienda. Malaika wangu alisahau mstari wake, akanitazama, akaukumbuka. Manemane ilifika salama bila kukanyaga pindo. Kondoo alilia "mee" mara sita badala ya mbili, nyingine katikati ya maneno ya Mariamu.

Ovaroli limefuliwa mara nne kwa maji baridi na vinyweleo bado vimejikunja, maana mwenyewe hulivaa hata siku za kawaida na jana alilala nalo. Joho limekunjwa kabatini linasubiri sentimita zake 12. Mabawa ya katoni yako juu ya kabati. Yale ya waya nimeyanyoosha, nimetoa kitambaa na manyoya, na wiki iliyopita yalizibua sinki la jikoni kwa mara moja tu. Kwa kazi hiyo siwezi kuyalaumu.