Lupita wa Us au Lupita wa Day One?

Hapa Kisumu filamu ya Lupita Nyong'o haikosi watazamaji. Babake ndiye gavana wetu. Wiki hii nimetazama mbili za kutisha: Us (2019) na A Quiet Place: Day One (2024).

Us ndiyo iliyoninyima usingizi. Lupita anacheza watu wawili, Adelaide na Red, nakala yake kutoka chini ya ardhi: ovaroli nyekundu, mkasi wa dhahabu, na sauti inayokwaruza kama mtu aliyekabwa koo. Pale anaposimulia kisa cha msichana na kivuli chake, nilipunguza sauti ya runinga bila kujua. Maelezo ya yale mahandaki anakotoka Red, lakini, hayaniingii akilini hadi leo.

Day One inatisha kidogo, inaliza zaidi. Hapa Lupita ni Sam, mgonjwa wa saratani, anayekatiza New York na paka wake akitafuta pitsa, huku madude yanayowinda kwa kusikia yakimaliza watu. Utamu wake ni ukimya, kwa hivyo usiitazame mtaani Kondele jioni. Honi za bodaboda zitaiharibu. Paka naye anaigiza kuliko waigizaji wengi ninaowajua.

Ukiwa na bando ya filamu moja tu, chukua Us.