Karthala au Ntringui: Komoro upande mlima upi?

Karthala ya kisiwa cha Ngazidja ndiyo yenye jina: mita 2,361, volkano hai iliyomwaga majivu mwaka 2005. Inapandika kwa siku moja, lakini ni kujitesa. Bora ulale juu. Maji beba mwenyewe, tena mengi. Kisiwa hakina mto wa kudumu, mvua yote hunywewa na mawe ya lava. Ukifika kileleni unakanyaga changarawe nyeusi, unachungulia kasoko (shimo la volkano), na baridi ya usiku si ya mchezo.

Ntringui ya kisiwa cha Nzwani (Anjouan), mita 1,595, haihitaji hema. Ni msitu, ukungu na utelezi, pamoja na ziwa Dzialandzé. Kwenye misitu ya kisiwa hicho yupo popo wa Livingstone, ambaye mabawa yakitandazwa hupita mita moja.

Mimi? Karthala, ila si wakati wa masika.