Vyombo vya kupikia bia nyumbani Mwanza: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Wengi wakitaka kuanza kupika bia wanakimbilia sufuria kubwa inayong'aa, hela ikikata wanachachushia kwenye dumu lolote lililopo, hapo ndo bia inapoharibikia. Hamira haijali ulichemshia kwenye nini, inajali inakaa wapi na joto likoje, na joto la Mwanza tunalijua. Kwa hiyo mimi naanza na chombo cha kuchachushia.

Namba moja ni ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, lita 20 au 30. Zipo kibao Makoroboi na Soko Kuu ila usibebe tu, igeuze utafute kipembetatu chenye namba 2 au 5, na iwe ya chakula, sio iliyokuwa na rangi ya ukuta. Usiisugue na stili waya, bakteria wanajificha kwenye mikwaruzo. Toboa mfuniko, pitisha mpira mwembamba unaobana, ncha ya pili izamishe kwenye chupa ya maji, gesi inatoka hewa hairudi, basi eyaloki, kile kizibo maalumu cha kutolea gesi, huna haja nayo.

Namba mbili ni chombo cha stenlesi. Kinadumu na hakishiki harufu, tatizo bei, na usikilaze na jiki ndani maana klorini inakila.

Tatu chupa kubwa ya kioo. Unaona kila kitu kinavyochachuka humo, inavutia kweli, ila lita 20 ndani ya kioo, mikono ina sabuni, halafu unaishi mlimani kule Mabatini unapanda mawe nayo? Hapana aisee.

Mkiani ni dumu la mafuta ya kula. Mkono hauingii kulisafisha, na mafuta yakibaki hata kidogo povu la bia linakufa.

Baada ya hapo nunua kipimajoto kabla ya kitu kingine chochote. Hamira ya kawaida ya eli, aina ya bia isiyohitaji baridi kali, inataka nyuzi 18 mpaka 22 hivi, ikizidi sana bia inatoka na ukali wa spiriti, na kumbuka inapochachuka inajipandishia joto yenyewe. Weka ndoo kwenye karai la maji, ifunike taulo bichi, elekeza feni, inashuka nyuzi kadhaa, Juni na Julai hewa ikiwa kavu ndo inafanya kazi vizuri zaidi. Friji la mitumba lenye kidhibiti joto ni zuri, ila umeme ukikatika limebaki kabati tu. Ukipata mtu wa kukuagizia hamira ya Norwei inayoitwa kveik chukua, ile inafurahia nyuzi 30 na kitu, hali yetu kabisa. Laga, ile bia inayochachushwa kwenye baridi, inataka nyuzi 8 mpaka 13, sahau kwanza.

Haidromita, kipimo kinachoelea kwenye bia kuonyesha sukari iliyobaki, ni ya kioo, ichukue na mrija wake wa kupimia. Ukianza na 1.050 ikashuka mpaka karibu 1.010 na ikakaa hapohapo siku tatu, jaza chupa. Ukijaza mapema chupa zinapasuka, na vipande vya kioo havina utani.

Sufuria sasa. Anza na lita 10 za bia, sufuria ya lita 15 inatosha na jiko la gesi la nyumbani linaimudu. Huku tuko kama mita 1,140 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, usishangae kipimajoto hakifiki 100. Maji ya bomba yachemshe au yaache wazi usiku kucha klorini itoke, la sivyo bia inanuka dawa.

Chupa za bia za kahawia ndo bora, jua likipiga chupa nyeupe inayopitisha mwanga, hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zinanuka kicheche. Kama mashine ya kubana vizibo bado huna tumia chupa za plastiki za soda, zinahimili gesi, na ukiiminya ikiwa ngumu unajua imeiva. Sukari ya kutia wakati wa kujaza chupa ili bia ipate gesi ni gramu 6 au 7 kwa lita, na pima kwa mizani, sio kijiko.