Hatshepsut na Nefertari: nani alizikwa kimalkia zaidi?

Kati ya malkia hawa wawili wa Misri ya kale, kwa madaraka Hatshepsut hana mpinzani. Alianza kama msimamizi wa mtoto wa mumewe, Thutmose III, kisha akajitwalia ufarao wenyewe, akachorwa na ndevu za bandia. Alituma merikebu hadi Punt, nchi ambayo wataalamu wengi huiweka upande wa Pembe ya Afrika, zikarudi na ubani, dhahabu na miti ya manemane yenye mizizi yake. Safari hiyo imechongwa kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari. Nefertari alikuwa mke mkuu wa farao Ramesses II, basi. Lakini mume gani! Huko kwenye hekalu la Abu Simbel alimchongea sanamu zenye kimo sawa na zake.

Kaburini mambo yanageuka. Hatshepsut alizikwa Bonde la Wafalme, ndani ya njia ndefu iliyopinda chini ya mwamba, na baada ya kifo chake majina yake yakafutwa kwa patasi. Inauma kuona hivyo. Kaburi la Nefertari, lililogunduliwa mwaka 1904 na mwanaakiolojia Mwitalia Ernesto Schiaparelli, lina michoro ambayo sijaona mfano wake: malkia kwa kanzu nyeupe, akicheza bao la senet, akishikwa mkono na miungu, juu yake dari la buluu lenye nyota. Wezi waliacha machache, yakiwemo magoti yanayodhaniwa kuwa yake, sasa yako Turin, Italia.

Kwa maziko, namchagua Nefertari.